Dawa ya Kiangazi, Nzi wa Masika

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka niliyofanya ugani huku Bariadi. Mmoja wenu alinishauri nianze na vyeti. Vyeti vyangu vimo kwenye bahasha juu ya kabati, na panya wamevifikia kabla yenu. Nitaandika kuhusu nzi wa matunda, kuhusu Mzee Masanja aliyenifundisha kuwahesabu, na kuhusu mkulima mmoja, Limbu, aliyekufa baada ya kufuata majibu niliyompa kwa simu. Habari ya Limbu mmeisikia, na wengi wenu mmeifundisha. Mlifundishwa vibaya, na aliyeiharibu mwanzoni ni mimi.

Nilizaliwa Binza, kule Maswa, kwenye nyumba yenye kiduka cha chumvi na sabuni, kwa hiyo sikuwa mtoto wa shamba kama wengi walivyodhani. Nilisomea kilimo kwa sababu ndiyo nafasi iliyopatikana. Nilipopangiwa kijiji cha Sapiwi nilifika na buti mpya za mpira, daftari gumu, na kitabu cha wadudu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Watu wa pale walikuwa na pamba yao na ng'ombe wao, na hakuna aliyekuwa ameomba aletewe msichana wa kumfundisha kulima. Walinisalimu kwa heshima zote. "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kisha walisubiri nimalize kuongea ili warudi kazini. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kuniita Bibi Shamba, na jina hilo ndilo nililostaafu nalo.

Mzee Masanja alikuwa mhudumu wa shamba la majaribio. Aliishia darasa la saba, na jina lake kwenye orodha ya ofisi lilikuwa la mwisho kabisa, chini ya mlinzi. Siku yangu ya kwanza alinikalisha kwenye benchi, akamimina nzi waliokufa kwenye sahani nyeupe ya bati, akanipa njiti ya kiberiti ya kuwasogezea.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu, nikamtajia idadi. Akaiandika, kisha akanisogezea sahani ya pili. Nikahesabu tena.

"Umehesabu vizuri. Sasa niambie, hawa na wale ni wa nyumba moja?"

Kwangu mimi nzi alikuwa nzi. Akanipa lenzi yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Wale wa sahani ya kwanza walikuwa na mistari ya njano mgongoni na doa la kahawia kwenye bawa. Wa sahani ya pili walikuwa wadogo zaidi, rangi ya udongo mkavu, na mistari hiyo hawakuwa nayo. Wa kwanza aliwatoa kwenye chupa za mtego alizoning'iniza wakati wa mvua. Wa pili hawakuwa na hamu na mtego ule, kwa hiyo aliwapata kwa njia nyingine: aliweka matango yaliyotobolewa kwenye ndoo yenye mchanga, akaifunika kwa kitambaa, akasubiri watoke wenyewe.

"Huyu mwenye mistari ni wa masika," akasema. "Huyu mdogo utamwona zaidi kiangazi. Wakulima wanawaita jina moja, na dukani wanauziwa dawa moja. Wewe usiwaite jina moja."

Nikasema sawa, mzee, nikaandika kwenye daftari. Kuandika nilijua sana.

Vifaa vyake vilikuwa vichache na alivitunza kama watu wanavyotunza bunduki. Mtego ulikuwa chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa matundu manne. Ndani kulikuwa na kipande cha pamba chenye kivutio na tone la sumu, na waya wa kutundikia. Waya ule ulipakwa grisi kila juma. Nilidhani ni kwa ajili ya kutu. "Ni kwa ajili ya sisimizi," akaniambia. "Wakishuka humo watawala nzi wote, halafu wewe utaandika kwamba Sapiwi hakuna nzi." Nimekagua mitego ya wasomi wengi tangu wakati huo, na mara nyingi nilikuta waya mkavu na ripoti nzuri.

Bomba la kupulizia dawa alilibeba mwenyewe, na hakumruhusu mtu alivae kabla ya kulijaza maji matupu na kulisimamisha kwenye karatasi kavu. Karatasi ikilowa, bomba linafunguliwa. Mpira wa kuzuia kuvuja ulikuwa haupatikani, kwa hiyo alikata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na kila baada ya siku chache aliutupa. Alisema dawa zenye mafuta zinauvimbisha mpira wa tyubu, na ukishavimba unaachia kidogo kidogo mgongoni, ambako mtu haoni.

Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Mkewe alimfungia asubuhi, na akifika kazini kimoja kikifunguka kilibaki hivyo hadi jioni. Enzi za ujana wake walikoroga dawa za pamba kwenye pipa kwa mkono, hadi kwenye kiwiko. Nilimuuliza siku moja kama aliwahi kuugua ghafla. "Ghafla, hapana," akasema. "Ningeugua ghafla ningeacha." Alistaafu na vidole vile vile. Kwenye sherehe ya kumuaga walimpa shati zuri lenye vifungo vingi.

Alipoondoka, mimi ndiye nikawa mwenye kujua nzi. Wakati huo wakulima wengi walikuwa wameanza kulima matikiti maji kando ya lambo, kwa kumwagilia, baada ya pamba kuwaangusha misimu miwili. Kikundi kimoja kilinikubali vizuri kuliko vingine. Katibu wake alikuwa Limbu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye hati nzuri kuliko yangu, na alikuwa na daftari la shule aliloandika kila kitu: siku aliyopanda, siku aliyopalilia, dawa gani na vizibo vingapi kwa bomba. Mkewe, Nkwimba, ndiye aliyekuwa na nguvu ya shamba. Limbu alikuwa na nguvu ya daftari, na walipatana hivyo. Mtoto wao mkubwa, Sitta, alikuwa anasoma shule ya msingi.

Mwezi wa saba mwaka ule nilifanya jaribio kwenye shamba lao. Dawa moja iliyoruhusiwa kwa mboga, mara moja kwa juma, kipimo kile kile. Tulivuna matikiti safi, makubwa, hata moja halikuwa na funza. Nilialika watu, nikaandaa siku ya wakulima, tukakata matikiti mbele ya wageni na wageni wakala. Mzee Masanja alikuja pia, kwa kubebwa kwenye baiskeli, kifungo kimoja cha shati kikiwa wazi. Alizunguka shamba lote, kisha akaniita pembeni.

"Yale yasiyopulizwa yako wapi?"

"Sikuacha yasiyopulizwa, mzee. Limbu asingekubali kupoteza mistari miwili. Na wageni wangeona vibaya."

"Basi umejuaje kama ni dawa iliyofanya kazi?"

Nikacheka kidogo. Nikamwonyesha matikiti.

"Mwanangu, huu ni mwezi wa saba," akasema. "Ardhi imekauka kama tofali, funza akidondoka hana pa kuingia. Nzi waliopo hapa wanahesabika kwa vidole, hata vyangu. Ungepuliza maji ungevuna hivi hivi."

Nilimheshimu sana, lakini siku ile nilidhani anazeeka. Nikaandika karatasi moja ya maelekezo, mistari kumi, Kiswahili rahisi: dawa, kipimo, mara moja kwa juma. Nikaitoa nakala, nikaigawa kwenye vikundi vyote. Hakukuwa na neno kiangazi wala masika mahali popote kwenye karatasi ile. Nakala ya Limbu aliibandika kwenye jalada la daftari lake kwa ugali.

Mvua zilipoanza, kikundi kiliamua kupanda tena, safari hii bila kumwagilia, eneo kubwa zaidi, kwa sababu matikiti ya masika ni machache sokoni. Mimi niliunga mkono. Kufikia wakati wa maua mimea ilikuwa mizuri sana. Kisha vitunda vidogo, vya ukubwa wa yai, vikaanza kuwa vya njano na kudondoka. Ukikipasua kimoja unakuta funza weupe wanaruka. Limbu alinipigia simu. Nilikuwa Bariadi mjini, kwenye mafunzo ya juma zima.

"Bibi Shamba, nimepuliza juzi kama karatasi inavyosema. Leo nzi wako pale pale."

"Imenyesha baada ya kupuliza?"

"Imenyesha jana kutwa."

"Basi mvua imeosha. Rudia."

Hilo halikuwa uongo. Mvua huosha dawa. Lakini nilijibu kitu kimoja ninachokijua kana kwamba ndicho kinachotokea.

Baada ya siku tatu akapiga tena. Amerudia mara mbili, vitunda bado vinaanguka. Nilikuwa nimetoka nje ya ukumbi, nikijua mkufunzi ananisubiri.

"Ongeza kidogo," nikasema.

"Kiasi gani, mayu?"

"Kidogo. Kizibo kimoja zaidi."

Mara ya tatu alipiga wakati wa chai. Dawa ya mboga imekwisha, na pale dukani Sapiwi hakuna. Amebakiwa na dawa ya pamba ya msimu uliopita. Itafaa?

Nilijua dawa ile. Nilijua si ya matikiti, na nilijua ilivyo kali. Nilijua pia kwamba nusu ya wakulima wa mkoa wanaitumia kwenye nyanya, na hakuna afisa aliyekuwa akiwakemea tena. Nikashika kikombe changu, nikamwambia: "Kama ndiyo uliyo nayo, tumia. Lakini vaa vizuri."

Nilimwambia avae vizuri mtu ambaye nguo zake zote nilikuwa nimeziona kwenye kamba ya kuanikia.

Yaliyofuata niliyapata kwa Nkwimba. Limbu alipuliza siku mbili mfululizo, asubuhi hadi jua kali, akivaa shati la mikono mirefu na kitambaa mdomoni. Bomba lilikuwa la kikundi. Mpira wake ulikuwa wa tyubu, na hakuna aliyekumbuka kuubadilisha, kwa sababu aliyekuwa akikumbuka alikuwa amestaafu. Siku ya pili alirudi kabla ya saa sita. Shati lilikuwa limelowa mgongoni na Nkwimba alidhani ni jasho. Limbu alisema macho yanaona giza. Mate yalikuwa yanamtoka na hawezi kuyazuia, na nyama za mikono zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi. Nkwimba alimpa maziwa, kama watu wanavyosema, akayatapika. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na shemeji yake. Muuguzi wa zahanati alitambua mara moja ni sumu, akamvua shati na kumwosha, lakini sindano inayohitajika hakuwa nayo, akawaambia wakimbie Bariadi. Limbu alifariki njiani. Shemeji alijua kwa sababu kichwa kilichokuwa kikimgonga begani kilibadilika uzito.

Nilifika msibani siku iliyofuata. Wanawake walinipisha nikakaa karibu na Nkwimba. Hakulia mbele yangu. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho na kuniwekea mapajani. Hati ya Limbu ilikuwa nzuri hata pale. *Bibi Shamba amesema mvua imeosha, rudia. Bibi Shamba amesema ongeza kizibo kimoja. Bibi Shamba amesema ya pamba itumike, nivae vizuri.* Kila mstari na tarehe yake.

"Nimekuletea uone kwamba alikuwa anakusikiliza," Nkwimba akasema.

Nilifunga daftari, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Juma lile nilitakiwa kuandika ripoti. Niliandika kurasa tatu, nikaeleza mvua, nzi, bomba, dawa ya pamba, na simu. Mkubwa wangu wa kazi wakati huo aliisoma akiwa amesimama, akaniwekea mezani.

"Hapa una sababu tano," akasema. "Ripoti yenye sababu tano haisainiwi na mtu. Andika moja."

"Ipi?"

"Wewe ndiye mtaalamu."

Alikuwa hanitishi. Alikuwa ananionyesha mlango, na mimi nikaingia. Nikaandika kwamba mkulima hakusoma maelekezo yaliyo kwenye chupa na hakuvaa vifaa vya kujikinga. Ikasainiwa siku ile ile.

Masika yale yale nilirudi kwenye nzi, kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Shamba la Limbu lilikuwa limeachwa. Nilimwomba Nkwimba ruhusa ya kuning'iniza mitego, akaninyooshea mkono tu kuonyesha kwamba shamba ni lile. Nilipaka waya grisi. Kiangazi mtego mmoja ulikuwa unanipa nzi wa kuhesabu kwenye kiganja. Sasa nilikuta chupa zimejaa hadi kwenye matundu, na karibu wote walikuwa wale wenye mistari ya njano. Nilikaa shambani mchana kutwa nione wanafanya nini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika karatasi yoyote.

Mchana hawakuwa kwenye matikiti. Walikuwa wamepumzika kwenye mahindi ya pembeni, chini ya majani, kivulini. Jioni inapokaribia walihamia kwenye matikiti, jike akatoboa kitunda, akataga, akarudi kwenye mahindi. Limbu alikuwa akipuliza asubuhi, juu ya majani ambayo nzi hayupo. Funza alikuwa ndani ya tunda ambako dawa haifiki. Aliyekomaa alidondoka kwenye udongo laini wa mvua, akajizika, akatoka nzi mwingine kabla mwezi haujaisha. Na kila ua la nyumba lilikuwa na maboga na vibuyu vinavyotambaa, na porini matango mwitu, vyote vikiwalisha. Hata angefanikiwa kuua wote waliokuwa shambani, kesho yake wengine wangekuja kutoka kwa majirani. Kipimo kingeongezwa hadi mwisho wa dunia. Nilimpelekea Mzee Masanja hesabu zangu nyumbani kwake. Alizipitia zote, ukurasa kwa ukurasa, mkewe akimfunulia.

"Safari hii umeacha yasiyopulizwa," akasema.

Nitaandika hapa mlichotaka kupata, yaani la kufanya. Masika usipulize shamba zima. Changanya dawa kidogo iliyoruhusiwa na chambo cha kuvutia nzi, upake kwa madoa kwenye mahindi ya pembeni, mchana, na urudie mvua ikinyesha. Chambo kikikosekana, machicha ya pombe husaidia kwa kiasi fulani. Wazee wa kanisa langu waliniita kuuliza kwa nini nayanunua kwa ndoo. Kila kitunda kinachodondoka kikusanywe siku hiyo hiyo, kifungwe kwenye mfuko wa plastiki mweusi na kuachwa juani, au kizikwe kirefu. Funika matunda machanga kwa karatasi kama ni machache. Kijiji kizima kifanye pamoja au kisifanye kabisa. Na kama hayo hayawezekani, mwambie mkulima asipande matikiti masika. Niliwaambia hivyo wanawake wa kikundi kimoja cha Mwamanyili, na mmoja akaniuliza, bila hasira, watasomesha watoto kwa kitu gani. Wengine waliendelea kupanda na kupuliza. Duka la dawa halikufungwa.

Ripoti yangu nayo ilikuwa na maisha yake. Miaka michache baadaye nilikaa kwenye semina ya matumizi salama ya viuatilifu, na mkufunzi kijana, mtu mwema tu, akatoa mfano. Alisema kulikuwa na mkulima Sapiwi asiyejua kusoma, akanywesha matikiti yake dawa ya pamba bila kuangalia chupa. Watu walitikisa vichwa. Nikanywa chai yangu. Mwaka mwingine niliusikia tena, na mkulima alikuwa amelewa. Siku moja watu walicheka. Mfano ule ulifika hadi shule za sekondari, maafisa walipozunguka kuelimisha wanafunzi. Sitta alikuwa kwenye darasa mojawapo. Hakutajwa jina la baba yake, lakini Sapiwi nzima ilijua ni nani. Nkwimba aliniambia kwamba mtoto alirudi nyumbani akalitoa daftari la baba yake, akalisoma lote, akamuuliza mama yake ni ipi kati ya hati hizi iliyo ya mtu asiyejua kusoma.

Aliniambia hayo akichambua dengu, bila kuniangalia. Ilikuwa imebaki miaka mingi kabla ya kustaafu kwangu. Ningeweza kusema siku ile. Nilisema nitalishughulikia.

Mzee Masanja alikufa katikati ya miaka hiyo. Nilienda mazishini, nikarudi kazini.

Mwezi wangu wa mwisho niliandika barua ya kurekebisha ripoti ile, nikainakili mistari ya Limbu kutoka kwenye daftari neno kwa neno, na nikaandika kwamba mkulima alijua kusoma, alifuata maelekezo, na maelekezo yalikuwa yangu. Mkubwa wa sasa, ambaye ni mdogo kwangu kwa umri, aliipokea vizuri. Alisema faili lenyewe haliko tena, ila ataiweka kwenye faili jipya. Kisha akanitakia mapumziko mema.

Nikaipeleka nakala kwa Nkwimba. Amezeeka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo inakwenda wapi?" akauliza.

"Ofisini, kwenye faili."

"Ofisini hakuna aliyemsema mume wangu. Waliomsema wako hapa." Akakunja kanga yake. "Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Ukaisome pale."

"Nitaisoma, mama Sitta."

"Sawa. Wabeja," akanishukuru. Aliinuka akaenda kufungulia mbuzi, na mimi nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye ghala la pamba. Mwenyekiti alinipa nafasi kati ya taarifa ya mapato na agenda ya mifugo. Nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikairudia kwa Kisukuma, kwa sababu nusu ya wazee pale Kiswahili cha barua hakiwaingii. Sauti yangu haikutetemeka, jambo lililonishangaza na kuniudhi kidogo. Watu hawakupiga makofi wala hawakunung'unika. Mzee mmoja alikohoa.

Sitta alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, na ana wembamba wa baba yake. Aliinua mkono kama mwanafunzi. Mwenyekiti akamruhusu.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile baba alipokupigia simu kuuliza ya pamba. Ulikuwa unajua kwa nini nzi hawafi?"

"Sikujua."

"Ungeweza kumwambia hujui?"

Ghala zima lilikuwa linanitazama. Nilitafuta kama kuna jibu jingine, kama nilivyotafuta kwa miaka ile yote.

"Ningeweza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea alichokuja kuchukua, akaketi juu ya gunia. Mwenyekiti akasubiri kidogo aone kama kuna mwingine mwenye swali. Hakukuwa na mwingine. Akaita agenda inayofuata, ambayo ilihusu josho la ng'ombe.